Aproni ya Risasi

Mume wangu hakuuawa na bunduki. Ninalisema hilo mapema kwa sababu kila nikitaja kwamba nilifiwa wakati wa vita vya shifta kaskazini mwa Kenya, watu hushusha sauti na kutikisa kichwa, nami hubaki na kazi ya kuwasahihisha. Alikuwa mchuuzi mdogo wa ng'ombe, akiwanunua upande wa Merti na kuwashusha Isiolo kwa miguu, na homa ilimkuta njiani. Alilala siku tano, ya sita tukamzika. Aliniachia binti wa miaka sita na mifugo michache ambayo mwaka uliofuata haikuwapo tena.

Nikapata kazi hospitalini. Niliajiriwa kupiga deki na kumwaga ndoo za wodini, lakini kabla ya mwezi kuisha nilikuwa mkalimani. Hakuna aliyeniita hivyo. Ilikuwa tu, "Mama, hebu njoo umwambie huyu." Kiborana nililelewa nacho, Kisomali nilikipata kwa majirani, Kiswahili sokoni, na Kimeru cha kutosha kununua viazi. Wauguzi wengi walikuwa watu wa milimani huko Meru, wagonjwa wengi walikuwa watu wetu, na katikati nilisimama mimi na tambara la deki mkononi. Jioni nilikwenda nyumbani mbio kabla ya saa ya kafyu, nimechoka ulimi kuliko miguu. Kusema maneno ya watu wengine kutwa nzima ni kazi nzito kuliko kubeba maji.

Kwa Kiborana wakati ule tunauita gaf daba, wakati wa kusimama. Watu walikusanywa ndani ya vijiji vilivyozungushiwa miiba, hakuna kuhama kufuata majani, hakuna kutoka bila pasi. Wanyama wakafa zizini na watoto wakaanza kukohoa. Walioletwa kwetu walikuja kwa lori katika msafara wenye askari mbele na nyuma, wakashuka wamepakwa vumbi hadi kope, na mara nyingi hawakujua watarudi lini.

Chumba cha eksirei kilikuwa mwisho wa baraza. Ukisikia jenereta inakohoa nyuma ya jiko, ujue kuna mtu anapigwa picha. Mpiga picha wa kwanza niliyemkuta alikuwa mtu mcheshi, mkarimu kwa kila mtu. Binti yangu alipopata kikohozi alimpiga picha ya kifua, haikutoka vizuri, akampiga nyingine. Mapafu yalikuwa safi. Miezi kadhaa baadaye nikamwambia kwa utani kwamba ningependa picha ya mwanangu ya kuweka nyumbani, kwa kuwa sina hata moja ya studio. Akacheka, akamwita mtoto, akampiga tena na kunipa ile filamu. Niliitundika dirishani. Mbavu za mwanangu zilining'inia pale asubuhi zikipitisha jua, na wageni walizisifu.

Kisha mcheshi yule akahamishwa, akaja mwingine.

Huyu alikuwa mtu wa milimani, mwembamba, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mvaaji wa sweta hata Isiolo mchana. Hakucheka na mtu. Wiki yake ya kwanza alipima ukuta kwa kamba, akahamisha benchi la kungojea kutoka nje ya mlango wake hadi upande wa pili wa baraza, akanikataza kuingia kupiga deki wakati jenereta inanguruma. Aliandika kwa chaki juu ya mlango: MARA MOJA TU. Wauguzi walimnong'ona. Walisema anaringa na mashine kama bwana harusi.

Mimi nilimchukia kwa sababu nyingine. Mtoto alipohitaji kushikwa ili asicheze, mpiga picha wa zamani aliniita mimi. Huyu alikataa.

"Wewe usishike," aliniambia. "Ukishika leo, na kesho utashika, na keshokutwa. Mama yake ashike, mara moja, akiwa amevaa aproni. Lakini umuulize kwanza kama ana mimba."

"Nimuulize mwanamke mbele ya mume wake kama ana mimba?"

"Uliza."

Basi nikawa mwanamke wa kuuliza mimba. Waume waliniangalia kama mchawi. Siku moja nilichoka, nikamwuliza moja kwa moja ni nini hasa anachokiogopa ndani ya chumba kile, maana mimi nimeingia mara nyingi na sijaona kitu.

Akaweka chini kikombe chake cha chai. "Mwalimu wangu Nairobi alikuwa mzee," alisema. "Mkono wa kushoto alikuwa na vidole vitatu. Alivipoteza kwa kazi hii, zamani, walipokuwa wakiujaribu mwanga wa mashine hii kwa kuweka mikono yao wenyewe. Hauonekani. Hauna joto. Unapita ndani ya mwili, na unapopita unaacha jeraha dogo mno, hata wewe mwenyewe hulijui. Kwa mtu mzima si sana. Lakini mtoto bado anajengwa. Kugusa msingi si sawa na kugusa bati. Tena ana miaka mingi mbele yake ya lile jeraha kuamka."

"Linaamka?"

"Mara nyingi haliamki. Picha ikihitajika lazima ipigwe, kuikimbia nako ni ujinga. Ila ukiongeza moja isiyo na kazi, na nyingine, na nyingine, unamwekea mtoto mzigo asiouomba."

Nikamweleza habari ya binti yangu. Sikukusudia, maneno yalitoka tu: mara mbili kwa kikohozi, ya tatu kwa ajili ya dirisha.

"Ya tatu," alisema, kisha akaacha. "Hiyo imeshapita, mama. Mbili zilikuwa na sababu. Usimtie mtoto hofu. Lakini akiugua tena, popote, uwaambie tatu."

Nilirudi nyumbani nikaitoa ile filamu dirishani. Binti yangu akalia kwa kuwa alijivunia mbavu zake. Nikamwambia jua linaiharibu. Usingizi haukuja upesi, si kwa hofu kubwa, bali kwa uchovu wa kugundua kwamba kuna jambo jingine tena la kuogopa. Risasi tulizisikia. Njaa tuliiona. Huyu mtu alikuwa ameniletea kitu ambacho huenda kikaja baada ya miaka ishirini, na wakati ule nani alikuwa na miaka ishirini? Sisi tulikuwa tukihesabu kufika Ijumaa.

Msimu wa kiangazi lori lilimleta bibi mmoja na mjukuu wake. Kwao ni Korbesa, lakini walikuwa wamehamishiwa kijiji cha miiba karibu na Merti. Mtoto, msichana wa miaka mitano hivi, alikuwa hakanyagi mguu wa kulia. Mama yake alikufa akimzaa. Bibi alimbeba mgongoni, na mguu ule mbaya ulikuwa umekunjwa kama wa ndege. Nilimwita bibi akko, kama tunavyowaita bibi zetu wote, naye akaniita binti yake kabla hata hajaketi.

Daktari, ambaye alikuja kwetu siku mbili tu kwa wiki, alimgeuza mtoto taratibu, akamwacha alie, akaandika karatasi ya picha ya nyonga. Nikawapeleka mwisho wa baraza. Pale benchini walikuwa wanawake sita au saba na watoto wao, wengi wa lori lile lile.

Mpiga picha alitoka ameshika aproni, ile nzito ya kijivu. "Mwambie bibi atamshika mtoto. Mwambie avae hii. Ni ya risasi, itamkinga."

Sasa, kwa Kiswahili risasi ni yale madini mazito, na risasi ni ile ya bunduki. Kwa Kiborana mimi nilijua moja tu, rasasa, ile ya bunduki. Nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri, nimetafsiri tangu asubuhi, na mdomo ulikwenda mbele ya akili. Nikasema, "Akko, vaa nguo hii, imetengenezwa kwa rasasa. Kuna moto usioonekana humu ndani. Utampita mtoto, lakini wewe hautakupata."

Bibi akamrudisha mtoto mgongoni, akafunga kanga, akaondoka barazani. Mwanamke wa pili akainuka. Wa tatu akainuka. Benchi likabaki tupu, na jenereta ikinguruma bure.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imefika sokoni: hospitalini wanawavisha wanawake nguo za risasi na kuwachoma watoto moto usioonekana, na anayesema hivyo ni mtu wetu wenyewe, amesikia kwa masikio yake. Msemaji mwenyewe ndimi. Kwa watu waliokuwa wameona waliyoyaona mwaka ule, hiyo haikuwa habari ngumu kuamini. Kesho yake hakuja mtoto hata mmoja. Mwanamke aliyekuwa na kichanga chenye nimonia alimtoa wodini akaenda naye kwa shemeji yake. Tulimrudisha baada ya siku mbili na akapona, lakini siku hizo mbili bado ninazo.

"Uliwaambia nini?" mpiga picha aliniuliza.

Nikamwambia. Nilingoja anifukuze. Alikaa kwenye benchi lile tupu, akapangusa uso kwa sweta. "Kosa ni langu," alisema. "Nilikupa neno bovu. Kwa lugha yenu madini haya yanaitwaje?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

Nilikwenda gereji ya malori nyuma ya msikiti. Kulikuwa na fundi mmoja, Mborana, aliyekuwa akivunja betri kuukuu. "Salaam aleikum. Hicho kizito cha ndani mnakiitaje?" Akanicheka: wao walikiita tu nyama ya betri. Akanipa kipande kama kiganja cha mtoto.

Bibi nilimkuta nyumbani kwa mpwa wake, mtoto akiwa amelala kwenye ngozi. Hakunikaribisha chai. Niliketi hata hivyo. Nilimweleza kwamba nilikosea, kwamba nguo ile haina bunduki ndani yake, ina kitu kama hiki, nikampa kile kipande akishike. Akakipima mkononi. Akakiuma.

"Na moto?" aliuliza. "Moto nao ulikosea?"

Hapo ningeweza kusema uongo. Ningesema hakuna moto, akko, ni picha tu, naye angekuja. Wauguzi walinishauri hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka mno hata kutunga uongo, na nadhani hiyo ndiyo sababu ya kweli, wala si uadilifu.

"Moto upo," nilisema. "Mdogo. Wanautumia kuuona mfupa. Wakimchoma mara moja kwa sababu, utamsaidia. Wakimchoma ovyo ovyo, huenda ukamdhuru akiwa mkubwa. Huyo mpiga picha anauogopa kuliko wewe."

Bibi akafunua nguo ya mtoto. Juu ya nyonga kulikuwa na makovu matatu ya mviringo, yamepangwa vizuri. "Haya ni mimi," alisema. "Nilimchoma kwa kijiti cha moto ugonjwa ulipoanza. Mara moja. Kuchoma hakurudiwi kabla ngozi haijapoa, na mtoto ambaye utosi wake haujafunga hachomwi kabisa. Na huchomi tumbo la msichana." Akaniangalia kama mtu anayemfundisha mpumbavu. "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo kwamba ni kuchoma?"

Walikuja kesho yake asubuhi. Bibi alipita barazani akiwa amevaa aproni juu ya kanga, akaigonga kifuani kwa ngumi ili wanawake wote wasikie kwamba haina risasi za bunduki.

Ndani, mpiga picha aliyaona yale makovu. Nikamtafsiria maneno ya bibi kuhusu tumbo la msichana. Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Mwambie tunakubaliana. Mayai yake ya uzazi yako hapa hapa karibu na nyonga." Akatoa kipande kidogo cha madini yale yale kilichoshonewa kitambaa, akakilaza kwa uangalifu chini ya kitovu cha mtoto. Alikisogeza kushoto, akakirudisha, akapima kwa vidole. Sijamwona fundi cherehani akiwa makini vile. Kisha mimi nikatolewa nje.

Jenereta ilinguruma, ikatulia. Alikaa katika chumba cha giza muda mrefu, na alipotoka na filamu inayochuruzika maji, nilijua kwa mabega yake kwamba imeharibika.

Mtoto alikuwa amejipinda wakati wa mwisho. Kile kipande kikateleza, kikaja kukaa juu ya nyonga ile mbovu. Katika filamu mfupa wa paja ulionekana vizuri, kisha, pale pale penye ugonjwa, doa jeupe.

"Kinga yenyewe ndiyo iliyoharibu," alisema. Hakuniambia mimi, aliiambia ile filamu. "Sasa lazima nirudie."

"Nimwambie bibi nini?"

"Ukweli."

Nikamwambia. Nilitarajia afunge kanga aondoke. Bibi alimtazama mpiga picha, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa kama mgonjwa. Akasema, "Mwambie hata mchomaji hodari mkono huteleza. Amechoma mara moja. Ya pili namruhusu. Ya tatu simruhusu."

Mara ya pili alikifunga kile kipande kwa bandeji kuzunguka kiuno. Bibi akamwimbia mtoto sikioni, wimbo wa kuwanywesha ngamia, na mtoto akatulia. Picha ikatoka safi. Daktari aliiinua dirishani, akaonyesha mahali mfupa ulipoliwa. Kifua kikuu cha nyonga. Mtoto akalazwa, sindano kila siku, mguu ukivutwa kwa mfuko wa mchanga uliofungwa mwisho wa kitanda.

Alilala hivyo miezi mingi. Daktari alitaka picha kila mwezi aone mfupa unavyoendelea. Mpiga picha alimfuata barazani, nami nikasimama nao na ndoo yangu.

"Picha ya mwezi huu itabadilisha dawa?" alimwuliza.

"Hapana. Dawa ni ile ile."

"Basi tungoje. Mguse, mpime homa, mtazame anavyokula. Ukiwa na shaka, niite, nitapiga hata usiku."

Daktari hakupenda kufundishwa. Lakini alikuwa mtu wa haki, na yeye pia alikuwa amechoka. Walikubaliana miezi mitatu, au shaka, chochote kitakachotangulia.

Aliyeleta taabu sasa alikuwa bibi. Alimwona mjukuu wake ananenepa, homa imeondoka, na akilini mwake kilichomponya ni ile picha ya pili. Akasahau marufuku yake mwenyewe. Kila asubuhi alinikamata mkono: "Mwambie amchome tena, amalizie." Nilieleza. Akasema ananyimwa kwa sababu ni mtu wa kijiji cha miiba. Nikaeleza tena. Siku nyingine nilipitia mlango wa nyuma ili asinione. Sioni fahari kulisema. Kuna siku mtu hana maneno yaliyobaki, wala yake wala ya wengine.

Mtoto alipigwa picha mbili zaidi katika muda wote ule. Alipotoka alikuwa anatembea, mguu wa kulia mfupi kidogo, akichechemea kama anayepanda kilima. Mpiga picha alifunga filamu ya mwisho katika karatasi ya kahawia, akaniambia niseme hivi: akko, usiipoteze, daktari yeyote akitaka kumpiga mwingine, mwonyeshe hii kwanza.

Mwaka uliofuata bibi alinitumia salamu kwa dereva wa lori. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliifungua ile karatasi, akaiinua juani, akamwuliza hii ni ramani ya wapi. Bibi akamjibu kwa Kiswahili chake kidogo, "Ramani ya mtoto." Askari akairudisha. Huko Merti, mhudumu wa zahanati alipotaka kuwarudisha Isiolo kwa picha nyingine kwa sababu ya maumivu ya mguu msimu wa mvua, bibi aliitoa, mhudumu akaitazama, akatoa dawa, wakarudi nyumbani. Baadaye joto liliifanya filamu inate ndani ya sanduku, haikufaa tena.

Bibi alifariki vita vilipokwisha. Msichana nasikia aliolewa upande wa Gotu na ana watoto. Nilipomwandikia mpiga picha habari hiyo, kwa mkono wa binti yangu, alijibu kwamba amefurahi sana, na kwamba mtoto mmoja hathibitishi kitu, huku wala kule. Wakati huo alikuwa amehamishwa kwao milimani. Binti yangu ni mzima. Bado huwa namwambia akienda hospitali aseme tatu, naye hunijibu, "Najua, mama."

Aliyekuja hospitalini baada ya mpiga picha yule alikuwa kijana mwenye haraka. Alifuta ile chaki ya mlangoni wiki ya kwanza. Nilimwambia mtoto wa kitanda cha nne alipigwa picha Jumatatu, akaniuliza nilisomea wapi udaktari. Nikaanza kuwauliza akina mama mwenyewe, pale barazani, kabla hawajafika kwake: huyu amepigwa lini, wapi, karatasi iko wapi? Wenye filamu za zamani niliwaambia wazishike mkononi wanapoingia. Baadhi ya siku kijana alizitazama, baadhi ya siku alizisukuma kando. Niliendelea kuuliza mpaka mgongo ulipokataa kuinama, nikahamishiwa chumba cha kukunja mashuka.